Mwambie Mama Ainue Kidevu

Kabla ya kamera, Wekulo alikuwa mume wa kawaida. Akitoka zamu kwenye kiwanda cha sabuni alikuwa anaoga, anakula, anauliza habari za binti yao Nasimiyu aliyekuwa shule ya bweni, kisha anasinzia mbele ya televisheni. Everline Nafula alikuwa akimlalamikia kwa usingizi ule. Hakujua kwamba siku moja angeutamani.

Kamera yenyewe ilikuwa kuukuu. Wekulo aliinunua kwa mpiga picha mmoja wa Jogoo Road aliyefunga studio baada ya watu kuanza kujipiga wenyewe kwa simu. Aliileta nyumbani Mbotela imefungwa ndani ya sweta, akaiweka mezani polepole kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Jumamosi iliyofuata akajiunga na darasa la upigaji picha katika ukumbi wa kanisa kule Makadara, lililofundishwa na msichana mmoja aitwaye Lorraine Wakiuru, na huko ndiko alikoharibikia kabisa.

Lorraine aliwaonyesha kigurudumu kilicho juu ya kamera. Ukikizungusha hadi kwenye alama ya kijani, kamera inakuamulia kila kitu: mwanga uingie kiasi gani, shata, kile kipazia cha ndani, ikae wazi kwa muda gani. Ukikizungusha hadi kwenye herufi M, unaamua mwenyewe. "Kwenye kijani picha ni ya kamera," Lorraine aliwaambia. "Kwenye M picha ni yako." Wekulo aliyapokea maneno hayo kama mtu aliyeokoka. Akarudi nyumbani akiyahubiri.

Tangu siku hiyo hakuna kitu kilichopigwa picha kwa haraka katika nyumba ile. Everline alikuwa fundi wa kushona, cherehani yake ikikaa barazani, na alimwomba mumewe ampigie picha ya sare mpya alizoshona ili amtumie mwalimu mkuu wa shule moja ya karibu. Ombi dogo tu. Wekulo alizitundika sare kwenye kamba, akarudi nyuma, akasogea mbele, akazungusha hiki, akakodoa jicho, akazungusha kile. Kivuli cha nyumba kikazifikia sare. Akazihamisha. Kivuli kikazifuata. Picha zilipopatikana zilikuwa nzuri kweli, unaweza kuhesabu mishono, lakini mwalimu mkuu alikuwa ameshampa kazi fundi mwingine aliyetuma picha ya simu yenye kidole pembeni.

"Ile ya simu ilikuwa mbaya," Wekulo alijitetea.

"Ilikuwa imefika," Everline akamjibu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mama yake Everline alipokuja Nairobi kupimwa macho.

Mama Rasoa alitoka Kimilili, akafikia kwa mwanawe wa kiume, Opicho, kule Umoja. Kwa Everline asingeweza kulala. Kwao mwanamke halali katika nyumba ya mkwe wake, hapeani naye mkono, hali naye meza moja, na wawili hao hawatazamani usoni. Everline alikulia ndani ya mila hiyo na aliijua kama anavyolijua jina lake, ila kwa kuishi mjini miaka mingi alikuwa ameanza kuiona kama jambo la salamu tu: Wekulo anasalimia akiwa mlangoni, Mama anaitikia akitazama pembeni, basi, maisha yanaendelea.

Mama alikubali kuja Mbotela kwa mchana mmoja. Everline alipika kuku na ugali wa wimbi, na moyoni alikuwa na jambo lake. Alitaka picha ya mama yake. Nyumba nzima haikuwa na picha ya maana ya mama yule. Kulikuwa na ile ya kitambulisho, ambamo Mama alionekana kama mtu aliyekamatwa, na nyingine ya mazishi ya mjomba, ambamo alikuwa amesimama mstari wa nyuma kabisa na kofia ya mtu ikimkata pua. Na sasa, kwa bahati, katika nyumba hii kulikuwa na kamera na mtu aliyejiita msanii.

"Moja tu," alimwambia Wekulo jikoni kwa sauti ya chini. "Nzuri. Usimchoshe."

"Sitamchosha," Wekulo akasema, na kwa kweli alionekana kuamini hivyo.

Baada ya chakula walimweka Mama kwenye kiti ndani ya chumba, karibu na mlango uliofunguliwa, mwanga ukimwangukia upande mmoja wa uso. Alikuwa amefunga kichwani kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa lake, kimepigwa pasi kikanyooka kama karatasi. Nyuma yake, nje ya mlango, ua ulikuwa unawaka jua. Wekulo alijibana kwenye kona ya makochi, kamera mkononi, akaiinamia.

"Mwambie Mama ainue kidevu," alisema.

Everline alimtazama, kisha akamtazama mama yake, ambaye alikuwa ameketi pale pale, masikio yake hayana ubovu wowote. "Mama, inua kidevu."

Mama Rasoa akainua kidevu, akakodolea macho ukuta wa jikoni.

"Mwambie asitazame ukuta."

"Mama, usitazame ukuta."

"Muulize baba Nasimiyu, nitazame wapi?"

"Baba Nasimiyu, atazame wapi?"

Wekulo alikuwa anazungusha kitu. "Atazame... huku. Lakini si hapa hasa. Kando kidogo ya kamera."

"Mama, kando kidogo."

Mama akatazama kando, akaangukia kalenda. Wekulo akazungusha tena. Akainua kamera hadi jichoni, akaishusha. Akasema mwanga umebadilika. Akasema wingu. Everline alichungulia nje, hakuona wingu lolote juu ya Mbotela nzima. Chai ya Mama ikafanya utando.

"Mwambie Mama alegeze mabega."

"Mama, legeza mabega."

"Mwambie baba Nasimiyu mabega haya ndiyo niliyo nayo."

Everline akishapima nguo, hukata. Hajawahi kusimama juu ya kitambaa na mkasi akiuliza kama wingu linakuja. Alivuka chumba, akamnyang'anya Wekulo kamera, akazungusha kigurudumu hadi kwenye alama ya kijani, akamwelekezea mama yake, akabonyeza. Kamera ikalia mara moja, chak, kama mtu aliyekuwa anangoja kuruhusiwa.

"Haya," alisema. "Imeisha. Umeona?"

Waliitazama kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Ua ulikuwa umetoka vizuri sana: kamba za nguo, shuka la samawati la jirani, kuku wawili, kila kitu na rangi yake. Katikati ya mlango kulikuwa na kivuli cheusi chenye kitambaa cha kijivu kichwani. Everline alimpelekea mama yake.

"Huyu ni nani?" Mama aliuliza.

"Ni wewe, Mama."

"Mimi ni mweusi, Nafula, lakini sijaungua."

Wekulo, badala ya kuona haya, alichangamka. Alisogea, bado akiwa upande wa pili wa makochi, akaanza kueleza kwa mikono. Kamera, alisema, haijui mama wa mtu ni nani. Imeuona ule mwanga wa nje, ikadhani ndio jambo kubwa, ikafumba jicho ili usiiumize, na Mama aliyekuwa kivulini akapotea humo humo. Ndiyo sababu ya M. Kwenye M unaiambia: sahau huko nje, mtazame huyu. Huko nje kutaungua kuwe kweupe, na kuungue.

"Nimeelewa," Everline alisema. Na ajabu ni kwamba alikuwa ameelewa, na hilo lilimkasirisha zaidi. "Basi iambie. Iambie imtazame huyu. Halafu upige."

Wekulo akarudisha M. Akazungusha, akahesabu chini kwa chini, akapiga picha ya kijaribio ya mguu wa kiti na ncha ya leso ya Mama, akaichunguza, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa iko sawa," alisema.

"Basi piga."

Aliinua kamera. Akakaa hivyo. Everline aliona jasho kwenye paji la uso wake. Kisha akaishusha na kusema lile shuka la samawati pale nje linaleta rangi mbaya kwenye shavu la Mama, lingetolewa kwanza.

Everline alitoka. Akalivuta shuka la watu kutoka kwenye kamba mpaka vibanio vikaruka. Akageuka akiwa katikati ya ua, jua likimpiga kichwani, shuka begani, akachungulia kupitia mlango. Mumewe alikuwa ameiinamia kamera tena, akizungusha.

"Wekulo!" alipiga kelele, na hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina mbele ya watu. Mkono wake ulikuwa umenyooka mbele kama wa askari wa barabarani. "Wekulo, piga hiyo picha! Piga! Mungu wangu, huyu mama atazeeka hapo!"

Wekulo alishtuka, akageuza kamera upande wa sauti, ikalia chak.

Wakati huo huo Opicho akapiga honi huko barabarani. Aliingia akizungusha funguo kidoleni, akasema waondoke sasa hivi, Jogoo Road ikianza kujaa hawatafika. Mama Rasoa alisimama, akajifuta kidevu alichokuwa amekiinua mchana kutwa, akamshukuru binti yake kwa kuku, akamshukuru mkwe wake akiuambia mlango, akaenda. Kesho yake alipanda basi la Kimilili.

Picha haikuwapo. Everline alilala akiwa ameupa ukuta uso, akaamka bado ameupa ukuta uso, na kwa siku nyingi baada ya hapo alizungumza na mumewe kuhusu chumvi, maji na ada ya shule peke yake. Wekulo hakujitetea. Jumamosi alikwenda darasani na kamera yake.

Habari za yaliyofuata Everline alizipata kwa Carolyne, jirani aliyeuza mboga kwenye kona. Carolyne alikuja barazani akiwa ameshika kiuno, uso umejaa jambo.

"Mama Nasimiyu, kumbe wewe ni nyota."

"Nyota ya nini?"

"Uko Makadara pale ukumbini. Ukutani. Mkubwa hivi," Carolyne alinyoosha mikono yote miwili, "mdomo wazi mpaka mtu anaona ulichokula. Nilikuwa nimepeleka sukuma kwa mke wa mchungaji. Watu wamesimama wanakuangalia."

Everline aliiacha suruali ya mtu nusu pindo chini ya sindano. Alikwenda Makadara vile vile alivyokuwa, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

Ukumbini kulikuwa na maonyesho ya darasa la Lorraine. Picha zilikuwa zimebandikwa kwenye mbao ukutani kote: mbuzi wa soko la Kiamaiko, mafundi wa magari, mikono ya bibi anayesuka. Watu walizunguka na vikombe vya juisi. Na pale mwisho, kubwa kuliko zote, alikuwa yeye. Shati la Wekulo la Jumapili lilikuwa limesimama kando ya picha hiyo, na Wekulo ndani yake, akionekana kama mtu anayengoja hukumu. Alipomwona mkewe akapiga hatua nyuma, lakini nyuma yake palikuwa ukuta.

Lorraine alikuwa anawaeleza wageni. Alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani, mwenye bidii ya dhati. "Tazameni jinsi alivyoacha mwanga uchome," alikuwa anasema. "Ua wote umeyeyuka. Huyu mama amebaki mkono, mdomo na hasira. Otomatiki isingekubali kamwe kufanya hivi, ingesawazisha kila kitu. Hapa mpiga picha ameamua."

"Ameamua?" Everline alisema.

Wote wakageuka. Mzee mmoja alimtazama, akaitazama picha, akamtazama tena, akashusha kikombe chake.

"Samahani, mwalimu," Everline aliendelea, akijitahidi sauti isipande na akishindwa. "Mimi ndiye huyo. Huyu bwana hakuamua chochote. Alikuwa ameweka mwanga wa ndani ya nyumba, wa mtu mwingine kabisa, mimi nikiwa nje kwenye jua. Nikampigia kelele akashtuka. Muulize."

Lorraine alimgeukia Wekulo.

"Ni kweli," Wekulo alisema. "Nilishtuka."

Watu walicheka, na Lorraine naye akacheka, akasema basi ni mshtuko mzuri, na kwamba picha haikatai kuwa nzuri kwa sababu imekuja yenyewe. Everline hakucheka. Alikuwa ameisogelea picha ili aone jinsi alivyoaibishwa, na sasa alikuwa ameona kitu kingine. Upande wa kushoto, mwishoni kabisa, palipokuwa na kivuli cha mlango, kulikuwa na nusu ya uso. Sikio, shavu, pembe ya mdomo, na ukingo wa kitambaa cheupe. Kila kunjo la shavu lile lilionekana. Rangi yake ilikuwa rangi yake hasa, ile kahawia yenye joto anayoijua tangu akiwa mgongoni. Na ile pembe ya mdomo ilikuwa imejikunja. Mama yake alikuwa anajizuia kucheka.

Alimshika Wekulo mkono akamtoa nje hadi kwenye ngazi za ukumbi.

"Ulikuwa umepata," alisema. "Mwanga ulikuwa umeupata kabisa. Uso wa Mama uko sawa, nimeuona, na ni nusu! Ulikuwa na uso mzima mbele yako na kila kitu kiko tayari. Ulikuwa unangoja nini, wewe mwanaume?"

Wekulo alitazama magari ya watu waliokuja katika mahakama ya jirani, yamepangwa kando ya barabara.

"Mama Nasimiyu," alisema mwishowe, "wewe unajua kamera hiyo inavyofanya? Ukiweka jicho pale, mtu anakuja karibu. Anakujia hivi." Akaweka kiganja mbele ya pua yake. "Macho yake, midomo yake, kila kitu. Yule ni mama mkwe wangu. Sijawahi kumtazama usoni tangu nikuoe. Kila nikiweka jicho, nikamwona amenikaribia vile, naye anahangaika na kalenda asinione, mkono unakataa. Nikawa nazungusha. Nikizungusha naonekana nina kazi."

"Na shuka la watu?"

"Shuka halikuwa na neno."

Everline alikaa kwenye ngazi. Alitaka kumpiga na utepe. Alifikiria mchana ule mzima, mwambie Mama hivi, mwambie baba Nasimiyu vile, yeye akiwa katikati kama waya wa simu, bila kujiuliza waya ulikuwa umewekwa pale kwa nini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema picha moja tu. Ulikuwa na furaha." Alikuna kichwa. "Ulipopiga kelele, nikageuka. Wewe naweza kukutazama."

"Basi ukanitundika ukutani mdomo wazi."

"Lorraine ndiye aliyeichagua."

"Nyamaza," Everline alisema, lakini alisogea kidogo ili mumewe apate nafasi ya kukaa.

Jioni alimpigia mama yake simu. Mama Rasoa aliuliza kabla ya salamu kuisha: "Ile picha mliipata?"

"Tumepata nusu, Mama."

"Nusu ipi?"

"Ya sikio."

"Nafula," Mama alisema, na uchovu wa sauti yake ulimfanya Everline ajione ana miaka saba, "uliniketisha mbele ya mkwe wangu na kuniambia nimtazame. Nikasema mtoto amekaa sana mjini, nikanyamaza. Kama unataka uso wangu, njoo uuchukue wewe mwenyewe."

Ndipo ikabidi ajifunze. Kama alidhani kumngoja Wekulo akizungusha vigurudumu ndiyo adhabu, hakuwa amejaribu kufundishwa naye. Walifanya mazoezi mlangoni pale pale, Wekulo akikaa kwenye kiti cha Mama.

"Zungusha. Si huko, kule kwingine."

"Kwingine wapi? Sema kushoto au kulia."

"Inategemea umeishika vipi."

Katika picha ya kwanza Wekulo alikuwa meno matupu kwenye weupe. Katika ya pili alikuwa giza. Everline aliuliza kwa nini asitumie kijani tu, ile inayojua. Wekulo akasema kijani inatosha ukiwa nje, jua moja, watu wote juani, hata yeye siku hizi anaitumia kwa kuku. Lakini mama aliyevaa kitambaa cheupe, akiwa mlangoni, nyuma yake kuna jua? Hapo uamue mwenyewe. Everline aliguna. Aliendelea kuguna Jumamosi baada ya Jumamosi, akizungusha, akikosea, akimwambia mumewe kwamba hajui kufundisha, na kwamba Lorraine ana subira ya ajabu kumvumilia.

Desemba walikwenda Kimilili. Mama Rasoa alikaa kwenye mlango wa jiko lake, kitambaa cheupe kichwani, akimenya ndizi. Wekulo alijipeleka mwenyewe nyuma ya nyumba, karibu na zizi, mahali ambapo hawezi kuona wala kuonekana, na kutoka huko akapaza sauti kuuliza jua liko upande gani. Everline hakumjibu. Aliweka M, akapima mwanga wa shavu la mama yake jinsi alivyofundishwa, akainua kamera, na Mama akaja karibu, macho, midomo, makunyanzi yote, akimtazama moja kwa moja bila shida yoyote.

"Umeshapiga?" Mama aliuliza.

"Nimeshapiga."

"Haraka hivyo?"

Picha ilikuwa imeinama kidogo upande mmoja, na ndizi iliyomenywa ilikuwa imetoka kubwa kuliko inavyostahili. Lakini alikuwa Mama, mzima. Everline aliizunguka nyumba nayo, akamkabidhi Wekulo kamera. Wekulo alikifunika kioo kwa kiganja dhidi ya jua, akaitazama. Aliitazama sana. Akatabasamu, kisha akakunja uso, akasogeza kamera karibu na pua.

"Iko vizuri," alisema. "Iko vizuri sana. Ila hapa juu kitambaa kimeungua kidogo. Unaona? Ungepunguza tu—"

Everline alinyoosha mkono, akaichukua kamera yake.